Kubadilisha Stata ya Datsun Z ya Zamani kwa Asubuhi za Baridi za Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili

Gari la zamani linalowaka vizuri saa nane mchana halijathibitisha kitu. Liwashe saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Julai, limelala nje Uyole au Makambako, ndipo utajua hali ya stata yake, yaani mota inayozungusha injini hadi iwake. Wamiliki wengi wa magari ya aina hii hapa kwetu wamezoea kuegesha kwenye mteremko, na milima tunayo. Lakini kuachia gari kwenye mteremko kila asubuhi ni kuitesa klachi na giaboksi ili kuificha stata iliyochoka, na siku utakapoegesha mahali tambarare utaomba watu wakusukume.

Mwongozo huu ni wa Datsun 240Z na 260Z, magari ambayo Afrika Mashariki ina sababu ya kuyaheshimu: 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Injini yake ni ya familia ya L ya Nissan, silinda sita mstari mmoja. Kama gari lako ni jingine la miaka hiyo, vipimo na taratibu ni zilezile. Tofauti itakuwa kwenye stata gani inaingia.

Nianze na msimamo wangu, kwa sababu kazi yote inautegemea. Stata mpya haiponyi nyaya mbovu. Kabla hujatoa hela dukani, pima. Mita ya umeme ya kawaida, ile ya bei ndogo, inatosha kabisa.

Baridi inafanya nini

Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na ukipanda Njombe au Makete utakuta sakitu kwenye majani. Hapo mambo matatu hutokea kwa pamoja. Betri hupoteza sehemu ya nguvu yake, kwa kuwa kemia ya ndani hupungua kasi. Oili huwa nzito, hasa 20W-50 ambayo watu wengi huimimina kwenye injini za zamani bila kufikiri. Na hewa ya huku juu ni nyepesi: kwa mita 1,700 mgandamizo wake ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani, hivyo kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam hutoa mchanganyiko wenye petroli nyingi kupita kiasi, na injini huhitaji kuzungushwa kwa kasi nzuri ndipo ikubali.

Kuna la nne linalosahaulika. Stata na koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi) vinakula sahani moja. Stata ikiivuta betri hadi volti 8, koili nayo inapata hizohizo 8, na cheche ya plagi inakuwa dhaifu wakati ambapo inahitajika zaidi. Ndiyo maana gari hukataa kuwaka kwa stata lakini likisukumwa mita chache linawaka mara moja. Fundi asiye makini atakuuzia plagi na koili. Tatizo halipo huko.

Kwa nini stata ya gia ni bora

Stata ya asili ya 240Z ni ya moja kwa moja: kipinioni (gia ndogo) kinachong'ata flaiwili (gurudumu zito lenye meno nyuma ya injini) kimekaa kwenye shafti ileile ya amecha, sehemu ya mota inayozunguka. Mota ikizunguka mara moja, kipinioni nacho kinazunguka mara moja. Ili ipate nguvu ya kusukuma injini nzito, mota ya namna hiyo lazima iwe kubwa na ivute umeme mwingi.

Stata ya gia ina mota ndogo inayozunguka kwa kasi zaidi, halafu gia za ndani hupunguza kasi hiyo na kuongeza nguvu kabla haijafika kwenye kipinioni. Faida yake inatokana na tabia ya mota zenyewe: mota ya umeme ikizunguka polepole hunywa ampea nyingi sana, na ikizunguka haraka hunywa kidogo. Gia zinairuhusu ikimbie. Betri inabaki na volti za kutosha, koili inapata haki yake, na injini inazunguka kwa kasi nzuri hata oili ikiwa nzito. Pia ni nyepesi, jambo utakaloshukuru ukiwa umelala chini ya gari umeinyanyua kwa mkono mmoja.

Nissan wenyewe walifunga stata ya gia kwenye 280ZX, gari lililotengenezwa kuanzia mwaka wa modeli 1979 hadi 1983, likiwa na injini ya familia ileile ya L. Stata hiyo inakaa kwenye 240Z na 260Z bila kukata wala kuchomelea chochote. Kwa maoni yangu hakuna badiliko jingine la umeme kwenye gari hili linaloleta nafuu kubwa namna hii kwa kazi ya nusu siku.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kununua

Betri ikiwa imepumzika usiku kucha, weka mita kwenye vichwa vyake. Volti 12.6 maana yake imejaa. Ikisoma 12.2, iko kama nusu, na vipimo vitakavyofuata vitakudanganya. Ichaji kwanza.

Kisha zuia injini isiwake: chomoa waya mwembamba wa chanya kwenye koili na uufunge tepu usiguse bodi. Gia iwe huru, hendibreki imevutwa, magurudumu yamewekewa vizuizi. Mwombe mtu azungushe ufunguo kwa sekunde tano kila unapompa ishara, wewe ukisoma mita. Vipimo ni vitano.

Cha kwanza, volti za betri wakati stata inazungusha. Zikibaki juu ya 10, vizuri. Zikishuka chini ya 9.6, ama betri imekufa ama kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi. Azima betri nzima ya ukubwa uleule urudie, ili ujue ni kipi kati ya viwili.

Cha pili, upande wa chanya. Ncha nyekundu iguse kichwa chenyewe cha betri, chuma cha risasi, usiguse klempu. Ncha nyeusi iguse bolti nene ya solenoidi (suwichi ya sumaku-umeme iliyoshikana na stata) inakoingia kebo ya betri. Stata ikizungusha, mita isome 0.3 au chini.

Cha tatu, ndani ya solenoidi: ncha moja kwenye bolti hiyo ya kebo, nyingine kwenye bolti inayopeleka umeme kwenye mota. Kabla ya kuzungusha utaona volti 12, hiyo ni kawaida. Wakati wa kuzungusha zishuke hadi 0.3 au pungufu. Zikibaki juu, sahani ya shaba ya ndani imeungua.

Cha nne ndicho ninachokisisitiza kuliko vyote: athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia injini na bodi. Ncha nyeusi kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyekundu kwenye mwili wa stata, chuma kitupu bila rangi wala grisi. Isizidi 0.2. Magari haya yana karibu miaka 50 au zaidi. Yamepakwa rangi tena na tena, injini zimeshushwa na kurudishwa, na waya wa athi mara nyingi umefungwa juu ya rangi au kutu. Tuseme umesoma 0.9 na stata inavuta ampea 180. Zidisha: wati 162 zinapotea kwa kupasha moto muunganiko mmoja mbovu, wati ambazo zingezungusha injini yako.

Cha tano, waya mwembamba wa solenoidi unaotoka kwenye suwichi ya ufunguo. Pima kati ya waya huo na mwili wa stata wakati ufunguo umezungushwa. Zisiwe pungufu ya volti za betri za wakati huohuo kwa zaidi ya volti moja hivi. Kama gari lako husema "tak, tak" bila kuzunguka, mara nyingi jibu liko hapa.

Rekebisha kila kilichofeli kabla ya kitu kingine. Kwangua klempu za betri hadi zing'ae. Fungua athi ya injini na ya bodi, piga msasa hadi chuma cheupe, funga, kisha paka grisi juu. Kebo iliyofura kijani chini ya plastiki haina matibabu, badilisha. Unene nao una maana: kebo ya shaba ya milimita za mraba 16, urefu wa mita moja na nusu, kwa ampea 200 inapoteza volti 0.3 peke yake, wakati ile ya 35 inapoteza nusu ya hapo. Usikubali kebo ya mashine ya kuchomelea iliyounganishwa katikati kwa kukunja na tepu.

Baadhi yenu mtakaofika hapa mtagundua stata ya zamani sasa inazungusha vizuri. Mmeokoa fedha, na gari limepona. Kwa wengine, ambao vipimo vyote ni safi na bado injini inajikokota, tuendelee.

Hatua ya pili: kuchagua stata

Mbeya utaanzia Mwanjelwa, kwenye maduka ya vipuri vya mtumba. Usipopata, mafundi wengi huagiza Gerezani, Dar es Salaam, na mzigo unapanda kwa basi. Ukiagiza kwa simu, tuma picha ya stata yako ya zamani ikiwa na mkanda wa kupimia pembeni.

Utaitambua ya gia kwa umbo: kwa zile za Nissan, mota na kipinioni haviko kwenye mstari mmoja, mota imekaa pembeni kidogo. Lakini kutambua umbo hakutoshi. Kuna mambo matatu ya kulinganisha na ya zamani, uso kwa uso, juu ya meza.

Idadi ya meno ya kipinioni iwe ileile. Uso wa kufungia na nafasi ya matundu mawili ya bolti vilingane. Na umbali kutoka uso wa kufungia hadi kipinioni kikiwa kimetulia uwe uleule. Hili la mwisho ndilo linalowakamata watu, kwa sababu stata ya gari la gia za mkono na ya gari la otomatiki hazifanani kwenye pua (sehemu ya mbele inayobeba kipinioni). Ya otomatiki inaweza kufungika ikaonekana imekaa, halafu ukasikia inasaga meno ya flaiwili. Uliza wazi: "Kaka, hii imetoka kwenye gari la manyuo au otomatiki?" Jibu likiwa la kusitasita, pima mwenyewe.

Kisha ikague. Zungusha kipinioni kwa vidole: upande mmoja kiteleze kwa urahisi, upande wa pili kishike. Kikiteleza pande zote, klachi yake ya ndani imekwisha na stata itakuwa inapiga kelele bila kuzungusha injini. Jaribu kukitikisa juu chini. Kikicheza sana, bushi zinazoshika shafti zimelika. Tazama meno yasiwe yamemeguka mbele.

Omba ijaribiwe kabla ya kulipa. Ibanwe kwenye jiliwa, kwa sababu inaruka kwa nguvu ya kuvunja kidole. Hasi ya betri kwenye mwili, chanya kwenye bolti nene, halafu kipande cha waya kiguse mara moja kati ya bolti hiyo na pini ndogo ya solenoidi. Kipinioni kinapaswa kuruka mbele na kuzunguka bila kusita. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, mshukuru, uondoke.

Ukiweza, mpelekee fundi umeme aifungue abadilishe kaboni (brashi zinazopeleka umeme ndani ya mota) na kupaka grisi mpya kwenye gia za ndani. Stata ya mtumba imekaa miaka kwenye rafu, na kaboni ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na kuishusha tena.

Hatua ya tatu: kuishusha ya zamani

Andaa soketi za 10 hadi 17, ekstensheni ndefu, brashi ya waya, msasa, taa ya kichwani na stendi mbili imara za jeki. Tofali la kuchoma si stendi. Linapasuka bila onyo, na chini yake utakuwa wewe. Fanyia kazi mahali tambarare penye sakafu ngumu.

Toa pete na saa. Fungua hasi ya betri kabla ya kugusa lolote na uifunge kitambaa. Kebo ya stata haina fyuzi: spana ikigusa hapo na bodi kwa pamoja inageuka kuwa mashine ya kuchomelea mkononi mwako.

Stata ya injini hii iko upande wa kulia, nyuma, pale injini inapokutana na giaboksi. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia nafasi ni finyu, kwa kuwa mhimili wa usukani uko upande huohuo. Piga picha nyaya kwa simu, weka alama, kisha ziondoe. Stata imeshikwa na bolti mbili ndefu. Ya juu utaifikia kutoka juu kwa ekstensheni, ya chini kutoka chini ya gari. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kabla. Unapomaliza bolti ya mwisho shika stata kwa mkono wa pili, ni nzito, kisha ivute mbele na kuizungusha hadi itoke.

Hatua ya nne: tazama meno ya flaiwili

Tundu likiwa wazi, usiharakishe. Ingiza taa uangalie meno huku mwenzako akizungusha injini kidogokidogo kwa spana kwenye bolti ya mbele ya krenki. Zunguka duara lote. Injini ya silinda sita ikizimwa husimama daima karibu na sehemu tatu zilezile, kwa sababu mgandamizo huirudisha hapo. Kwa hiyo meno hulika kwenye maeneo matatu, na mengine yote yanaweza kuwa kama mapya. Ukitazama sehemu moja tu na kuridhika, unaweza kufunga stata nzuri juu ya ringi (duara la meno ya flaiwili) iliyokwisha.

Meno yaliyochongoka kidogo pembeni yanavumilika. Yaliyomeguka au kulika hadi nusu ya upana yanahitaji giaboksi ishushwe na ringi ibadilishwe, na hapo ni busara kukagua klachi kwa safari hiyohiyo.

Hatua ya tano: kuifunga mpya

Safisha uso wa belhausi (sehemu ya giaboksi inayofunika flaiwili) na uso wa stata hadi chuma kitupu, pamoja na sehemu zinapokaa bolti. Athi ya stata inapita hapo hapo. Rangi mpya inayong'aa kwenye uso wa kufungia ni adui, ikwangue.

Iingize, anza bolti zote mbili kwa mkono kabla ya kukaza yoyote, halafu kaza kwa zamu ili ikae sawasawa. Kebo nene irudi kwenye bolti nene. Nati hiyo ikaze hadi ishike, usiitumie nguvu zote: bolti yake imekaa kwenye kifuniko cha plastiki ngumu kinachopasuka kwa urahisi, na kikipasuka solenoidi imekwenda. Hakikisha kebo haigusi mwili wa stata, eksozi wala mhimili wa usukani.

Waya mwembamba urudi kwenye pini ndogo. Kama solenoidi ya zamani ilikuwa na waya mdogo wa pili unaopeleka umeme kamili kwenye koili wakati wa kuwasha, na mpya haina pini hiyo, usiuache ukining'inia. Mpe fundi umeme aulishe kupitia relei (suwichi inayoamshwa na umeme mdogo), la sivyo cheche itakuwa dhaifu wakati wa kuwasha.

Hapo hapo nashauri uongeze relei kwa ajili ya solenoidi. Suwichi ya ufunguo ya miaka ya 70 imebeba mzigo huo muda mrefu. Tumia relei ya ampea 40: pini 86 ipokee waya uliokuwa ukienda solenoidi, 85 iende athi, 30 itoke chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 30, na 87 iende kwenye pini ndogo ya solenoidi kwa waya wa milimita za mraba 4. Ufunguo sasa unaamsha relei tu.

Hatua ya sita: kujaribu

Rudisha hasi ya betri mwisho kabisa. Koili ikiwa bado imechomolewa, zungusha sekunde tatu. Sauti itakuwa kali na nyembamba kuliko uliyoizoea, hiyo ni ya gia, usishtuke. Usikie kipinioni kikiingia na kutoka safi. Kikisaga, simama. Rudi kwenye urefu wa pua na usafi wa uso wa kufungia. Kikibaki kinavuma baada ya kuachia ufunguo, fungua hasi haraka, kwani solenoidi au relei imeng'ang'ania.

Rudia vipimo vile vitano na uandike namba mahali utakapozipata mwakani. Volti za betri wakati wa kuzungusha zinapaswa kuwa juu kuliko mwanzo. Kisha rudisha waya wa koili uwashe.

Jaribio la kweli ni kesho yake alfajiri, gari likiwa limelala nje. Likiwa limekaa wiki nzima, tegemea kuzungusha muda mrefu kidogo, kwa sababu pampu ya petroli ya injini hii inaendeshwa na injini yenyewe na mabakuli ya kabureta huwa yamekauka. Usizidishe sekunde kumi kwa mara moja, ipumzishe dakika moja ndipo urudie. Na kama bado unatumia 20W-50, jaribu 15W-40 msimu wa baridi ikiwa injini haivuji wala haili oili.

Baada ya wiki ya kwanza, hasa kama umepita barabara mbovu, kaza tena bolti mbili za stata na nati ya kebo. Stata ya zamani usiwape wauza chuma chakavu. Ipake oili kidogo, ifunge kwenye nailoni uiweke stoo na bolti zake: anayenunua Z leo huuliza vifaa vyake vya asili, na ikibadilishwa kaboni na bushi inaweza kukurudisha nyumbani siku nyingine.